Salamu Tatu za Fundi Arubaini

Mkomani, Amu
6 Septemba 2024

Kwa mwanangu Shifaa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi shangazi yako ni mzima, ila magoti, nayo tumeshazoeana. Nyumbani wote hawajambo. Yule paka wetu amezaa tena ndani ya kabati la nguo, juu ya kanzu zilizopigwa pasi, na sikuweza kumfukuza. Mfungo sita umeandama juzi na mji umeanza kujaa wageni wa Maulidi. Mwalimu Kwamboka, mpangaji wetu wa juu, anakusalimu sana. Mwaka wa tatu huu yuko Amu na bado anashangaa kwamba punda wanapita mlangoni kabla ya watu.

Utauliza kwa nini sikupigi simu. Ruba, mke wa Athman, yumo humu nyumbani, na mimi nikisema na simu nasikika hadi kisimani. Jambo lenyewe sitaki alisikie kabla halijaiva. Kwa hiyo barua hii inakuja kwa basi, chini ya halua. Halua gawana na wenzako, barua isome peke yako.

Wiki iliyopita baba yake Ruba alikwenda kwa kadhi. Miaka minne na zaidi imepita tangu Athman wangu apige simu ya mwisho kutoka Ghuba, huko Uarabuni, na mke wake hajui amngoje au amlie. Kadhi akaniita. Hakunikaripia, alisema kwa upole: "Bi Umulkheir, nakupa hadi mwisho wa Rajabu. Ukipata habari ya mwanao, ya uhai au ya mauti, niletee. Usipopata, utakuja useme mbele yangu kwamba huna, nami nitahukumu kuwa amekufa, na Ruba aanze eda."

Simlaumu Ruba. Jana alikuwa akikuna nazi, akaniambia bila kuniangalia, "Mama, mimi sitaki mume mwengine. Nataka kuyua tu, mimi ni mke wa mtu au ni mjane." Akaendelea kukuna. Nazi ile ilikuwa imekwisha, alikuwa akikuna kifuu.

Sasa, Shifaa, nitasimamaje mbele ya kadhi niseme mwanangu hana habari, hali sijamtafuta kwa mikono yangu? Maofisa tuliowauliza walisema jina lake halimo katika vitabu vyao. Mwalimu Kwamboka akaniambia kuna mabaraza ndani ya simu, watu wa kila nchi wanakaa humo wanaulizana mambo, na juu kuna kisanduku cha kutafutia. Nikaandika kwa uangalifu: "Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi ni Bi Umulkheir wa Amu, mtaa wa Mkomani. Nawaombeni kwa hisani yenu mnijuze kuhusu mwanangu Athman aliyekwenda Ghuba mwaka 2018. Wassalaam."

Zikaja kurasa elfu mbili. Zote salamu tu! Watu wanatakiana Idi, watu wanapongezana harusi, mmoja anawasalimu jamaa zake wote kwa majina mpaka mbuzi. Nikakaa kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi nikiwaitikia mmoja mmoja kwa mdomo, maana salamu haiachwi hewani. Mwalimu alinikuta nasema "wa aleikumu salaam" peke yangu, akacheka hadi akakaa chini. "Mama Athman, hiyo kitu haitaki salamu. Iandikie tu kile unataka."

Kwetu huwezi kumwendea mtu na haja bila kumjulia hali. Lakini wewe ndiwe mkutubi, kazi yako ni kutafuta. Nifundishe. Siku zinakwenda.

Shangazi yako,
Umulkheir


Eldoret
19 Septemba 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi, Bi Umulkheir,

Shikamoo, na aleikumu salaam warahmatullah. Barua imefika, na halua imefika nusu, maana Jabez mwenzangu wa maktabani ndiye aliyepokea mzigo, naye hana subira. Huku ni baridi na mvua kila alasiri. Navaa sweta mbili na wanafunzi wananicheka. Mkono wako nimeubusu hapo uliposaini jina.

Habari ya Ruba imenikaa kifuani. Sijui niseme nini juu yake, basi nitasema juu ya kutafuta.

Shangazi, kile kisanduku hakina adabu na hakina ukosefu wa adabu. Kinachukua maneno uliyokipa na kwenda kuokota maandishi yenye maneno hayohayo. Ukikipa maneno thelathini ya salamu na matatu ya haja, kitakuletea salamu. Wanafunzi wangu hufanya vivyo hivyo, wananakili swali zima la mwalimu, halafu wanasema maktaba haina kitu. Jabez huwaambia, "Nipe neno ambalo wengine hawana." Athman wako wengi na Ghuba ni pana. Tafuta neno adimu.

Ukitaka maneno mawili yasiachane, yafunge kwa alama za kunukuu mwanzo na mwisho. Ukikosa, badilisha neno, usilirudie lilelile kwa hasira. Na hili ndilo kubwa: usitafute kwa maneno ya anayeuliza, tafuta kwa maneno ya aliyeandika. Ukiandika "Athman amepotea" utapata watu wengine wanaotafuta wa kwao. Mtu mwenyewe haandiki kwamba amepotea. Anaandika kuhusu siku yake, kazi yake, kinachomuuma.

Kuna baraza moja la mabaharia ambalo watu wetu wengi wa pwani walioko Ghuba huandika. Anza hapo. Mwalimu Kwamboka atakufungulia.

Usijichoshe, Shangazi. Dawa ya presha unakunywa?

Wako,
Shifaa


Mkomani, Amu
11 Oktoba 2024

Mwanangu Shifaa,

Salaam aleikum. Natumai baridi haijakula vidole vyako. Sisi tumemaliza Maulidi salama. Ruba aliwapikia wageni ishirini na wawili kutoka Chundwa peke yake, hakuniruhusu hata kupepeta mchele. Dawa nakunywa, usiniulize kila barua. Paka wanne wamefumbua macho.

Nimefanya kama ulivyosema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka miwani ikaanguka. "Athman" peke yake walikuja mia tatu na kitu. "Athman Amu" walikuja kumi na tisa. Nikayafunga maneno kwa alama, "Athman wa Amu", akaja mmoja tu. Shifaa, niliacha wali jikoni ukaungua. Nikamwandikia. Akajibu siku ya tatu kwa adabu kubwa: ana miaka sitini na nne, mpishi wa meli, mzaliwa wa Kizingitini, na Amu alikaa tu kwa shemeji yake. Aliniombea dua ndefu. Nililia kwa ile dua kuliko nilivyolia kwa kukosa.

Nimejaribu "Mkomani", nimejaribu "Langoni", nimejaribu jina la marehemu mume wangu. Ninapata mambo ya mwaka 2009, watu wanagombana juu ya bendera za meli. Utayaondoaje ya zamani? Na mtu mwenye maneno mengi kama huyu wa bendera, unamfungiaje mlango?

Kadhi nilipishana naye sokoni. Hakuniuliza kitu, alinisalimu tu. Ingekuwa heri aulize.

Shangazi


Eldoret
24 Oktoba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Ni wakati wa mitihani, maktaba imejaa hadi sakafuni, nisamehe nikiandika kwa ufupi.

Kuondoa ya zamani: pembeni ya kisanduku kuna mahali pa tarehe, chagua mwaka wa kuanzia. Kumfungia mlango mwenye maneno mengi: weka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, kama "meli -bendera", bila nafasi kati ya alama na neno. Ukimwona mtu unayemdhania, gusa jina lake. Utafunguliwa ukurasa wenye yote aliyowahi kuandika, la mwisho likiwa juu.

Shangazi, pengine kadhi ana hekima. Pengine hukumu yake ni nafuu kwa Ruba na kwako pia. Kutafuta nako kunamla mtu. Ukishindwa hutakuwa na kosa.

Wako,
Shifaa


Mkomani, Amu
15 Novemba 2024

Kwa Shifaa,

Salaam aleikum. Wote wazima. Magoti vilevile. Binamu yako Ummu amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, na nimekwenda mara mbili kumkanda. Anakaa siku arubaini zake za mzazi vizuri, hatoki, hagusi maji baridi, nimemwekea ulinzi kama wa benki.

Barua yako ya mwisho niliisoma mara mbili. "Ukishindwa hutakuwa na kosa." Mimi nimekulea tangu una miaka sita, baada ya kaka yangu kufariki. Ulipopoteza herini moja harusini ulichekecha mchanga wa uwanja mzima kwa chekeche la unga, watu wakila pilau. Leo ndiwe unayeniambia niache? Nimeshangaa, halafu nikasema ni uchovu wa mitihani.

Lakini kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi, na limenijia nikimkanda Ummu. Athman na bahari wapi na wapi? Mwanangu alikuwa akipanda boti ya Mokowe, mwendo wa dakika kumi, anatapika. Ghuba alikwenda kwa ndege akasema amemshukuru Mungu. Yeye ni fundi wa chokaa kama baba yake na babu yake. Atafanya nini katika baraza la mabaharia? Wewe mwenyewe umenifundisha nitafute maneno ya aliyeandika, halafu ukanituma kwa watu ambao hakuna hata mmoja anayejua kupaka ukuta. Nimepoteza miezi miwili nasoma habari za nanga.

Lazima mafundi nao wana baraza lao. Ni lipi? Nijibu upesi. Mwalimu Kwamboka anafunga shule na kwenda kwao Kisii, na Rajabu inaingia mwezi wa kwanza.

Shangazi


Mkomani, Amu
20 Desemba 2024

Shifaa,

Assalaam aleikum warahmatullah.

Wiki tano hujanijibu. Dereva wa basi anaapa kwamba barua alikukabidhi mkononi. Nilidhani unaumwa, nikampigia Jabez wako nambari iliyoandikwa kwenye mzigo, akasema uko mzima na ulikuwa umesimama mbele yake.

Basi nilitafuta peke yangu. Mwalimu kabla ya kusafiri aliniachia simu yake ya zamani na akanipatia lile liitwalo Baraza la Mafundi. Nikakaa nalo kila siku baada ya adhuhuri. "Athman" hakuna. "Chokaa" kurasa mia nne, kila mtu ana chokaa. Nikakumbuka neno adimu, nikaandika "neru", ule upakaji wetu wa mwisho unaong'aa hata ukajiona usoni. Wakabaki thelathini na wawili, nikawasoma wote, hayumo. Nikakasirika, halafu nikakumbuka usirudie neno kwa hasira.

Nikafikiri, mwanangu akiongea kazi yake husema nini? Ndipo likanijia neno ambalo nimelisema mwenyewe miaka thelathini, nikiwachanganyia maji yeye na baba yake. Wakitaka kuitumia chokaa mapema nilikuwa nikiwagombeza: "Chokaa mbichi ni kama mzazi, haiguswi kabla ya arubaini." Hakuna fundi mwingine anayesema hivyo. Ni maneno ya nyumba hii.

Nikaandika matatu tu. Chokaa, mzazi, arubaini.

Akaja mmoja.

Jina lake la barazani ni Fundi Arubaini. Kuna mtu wa Tanga alikuwa ameuliza kwa nini chokaa yake inapukutika, naye amemjibu hivi, nimenakili neno kwa neno: "Wa aleikumu salaam ndugu yangu. Wewe umeichukua mbichi. Mama yangu husema chokaa mbichi ni kama mzazi, haiguswi kabla ya arubaini. Ifukie shimoni, ifunike, uwe na subira. Hapa wenzangu wananicheka, lakini kuta zangu hazianguki. Arudishiwe salamu mama wa watu popote alipo."

Shifaa, nilisoma hayo nikapiga kelele, Ruba akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwambia nimemuona nge. Mungu anisamehe.

Nikagusa jina lake kama ulivyonifundisha. Amejibu watu mia moja na kumi na mmoja. Kila mmoja anaanza kwa kumwitikia salamu yake, hata aliyemtukana. Jibu lake la mwisho ni la tarehe 2 Juni 2020. Anamweleza mtu namna ya kuosha mchanga.

Chini ya jibu hilo wako watu watatu waliomsalimu na kumuuliza, na hakuna aliyejibiwa. Wa kwanza ni Juni ileile, ukuta wake unapasuka. Wa pili ni wa mwaka 2021, chumvi inatoka katika kuta za kisima.

Mwanangu sikumzaa hivyo. Angekasirika, angehama, angebadilisha jina, lakini asingeacha salamu ya Muislamu hewani miaka minne. Nilielewa hapo, nikiwa nimekaa juu ya mkeka na simu ya watu mkononi. Sikuhitaji mtu aniambie.

Kisha nikasoma ya tatu. Tarehe 14 Januari 2022. "Assalaam aleikum Athman. Ni mimi Shifaa. Nimekujua kwa maneno ya Shangazi. Ukiwa hai, nijibu."

Ulijua. Miaka mitatu ulijua mahali pa kutafuta, ukanipeleka baharini.

Ruba sijamwambia. Kwa kadhi sijakwenda. Nakungoja wewe useme.

Umulkheir


Eldoret
29 Desemba 2024

Shangazi,

Aleikumu salaam warahmatullah. Sina habari za kutanguliza. Nitasema tu.

Salamu yangu haikujibiwa na Athman. Baada ya siku tisa aliniandikia faraghani mtu anayeitwa Murithi, Mmeru, aliyekuwa akichanganya chokaa pamoja naye. Aliniuliza mimi ni nani kwake. Nikamwambia ni dada yake wa kulelewa. Akaniambia Athman alifariki tarehe 9 Juni 2020, mwaka ule wa maradhi. Alishikwa na homa, siku ya tano akashindwa kupumua. Walikuwa wamefungiwa kambini na hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Murithi si Muislamu, lakini anasema alikaa nje ya dirisha akimsemesha hadi mwisho, na kwamba alizikwa na Waislamu kwa utaratibu wa dini, safu ya nyuma, karibu na ukuta. Nimeandika mahali penyewe katika karatasi ya pili, pamoja na nambari ya Murithi. Yuko tayari kusema na kadhi.

Jina lake halimo vitabuni kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwa karatasi za mtu mwingine. Zake zilikwisha muda na tajiri aliyemwajiri hakumfanyia nyingine. Alikufa kwa jina lisilo lake, ndiyo maana habari haikufika Amu. Murithi naye aliogopa kutafuta watu wake, maana karatasi zake pia hazikuwa sawa.

Januari ile wewe ulikuwa hospitalini na presha. Daktari alituambia tusikushtue. Nikasema nitangoja upone. Ukapona, nikasema nitangoja likizo. Nikaja likizo, ukanipikia mkate wa mofa, ukaniambia umeota Athman amerudi na sanduku jekundu. Nikala mkate nikanyamaza. Baada ya hapo kila mwezi uliopita ulikuwa unafanya mwezi unaofuata kuwa mgumu zaidi.

Lakini hiyo si sababu yote, na sasa sina pa kujificha. Shangazi, Athman hakuwa na nia ya kwenda. Alikuwa anataka kumalizia kile chumba chake na Ruba, apake neru ukuta wa pili. Mimi ndimi niliyemtafutia tangazo la kazi ile. Nililipata humohumo, katika Baraza la Mafundi, mwaka 2018. Nilijivuna jinsi nilivyolipata, maneno mawili tu na tarehe, nikamtumia, nikamwambia asiwe mwoga. Alinijibu, "Wewe ukitafuta hukosi, nami nakuamini." Nafundisha watu kutafuta kila siku na sijawahi kumwambia mtu kwamba kuna kitu nilikitafuta nikakipata, na nikatamani ningekikosa.

Ulipoandika unataka kutafuta, nilijua utamkuta. Nilikufundisha kweli tupu, kwa sababu sikuweza kukudanganya katika kazi yangu, lakini nikakuelekeza mlango usio wake. Nilitaka Rajabu iishe, kadhi ahukumu, umlie bila kujua nilichofanya.

Na Ruba. Kila nikiandika jina lake kalamu inasimama.

Siombi unijibu.

Shifaa


Mkomani, Amu
26 Januari 2025

Kwa Shifaa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naandika hii leo Rajabu ishirini na sita, mji unajiandaa kwa Miraji. Mimi mzima. Dawa nakunywa. Mtoto wa Ummu ametoka arubaini, wamemwita Shifaa. Sikuwakataza.

Barua yako nilimsomea Ruba mimi mwenyewe, yote, hata pale pa tangazo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza tarehe, nikamwambia tisa Juni. Akasema, "Siku hiyo mimi n'likuwa nimemfulia kanzu zake, n'kazianika." Akaingia chumbani, akakaa akitazama ule ukuta ambao haukupakwa, na mimi nikakaa naye. Tulitoka alasiri.

Tulikwenda kwa kadhi pamoja. Akapiga simu kwa Murithi mbele yetu, akamhoji muda mrefu, na baada ya siku chache akamtafuta pia imamu wa makaburi yale. Halafu akamwambia Ruba kwamba eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya mauti, si tangu siku ya habari. Miezi minne na siku kumi zake zilikwisha Oktoba ya mwaka 2020. "Huna eda ya kukaa, mwanangu. Uko huru zamani." Ruba akasema, "Zamani nyingi."

Nitakwambia kweli, Shifaa, kwa sababu uongo umetutosha. Nimekukasirikia sana. Kwa Athman sikukasirika. Siku yake iliandikwa, na tangazo lako lisingekuwepo angeitwa kwa njia nyingine, na juu ya hilo nakukataza usijiue moyo. Lakini ile miaka mitatu ya Ruba uliishika wewe mkononi. Kuna mtu mwema aliyemposa mwaka 2023, akamkatalia kwa sababu ana mume. Yule mtu ameshaoa. Hilo siwezi kukusamehe mimi, si langu. Utakuja umwombe mwenyewe, kwa mdomo, ukikaa naye jikoni. Yeye amesema utakapokuja atakusikiliza. Zaidi ya hapo hakusema.

Ijumaa iliyopita Athman aliswaliwa msikitini sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, na nyumbani tulisoma hitima. Walikuja watu wa Shela na Chundwa na mafundi wote wa mji, na kila fundi alikuwa na habari yake ya kusimulia. Mwalimu Kwamboka alikaa na wanawake mwanzo hadi mwisho, kajifunga leso. Safari hii alipoona nawaitikia watu salamu hakucheka.

Sasa nikwambie jambo moja la mwisho. Baada ya hitima, wageni walipokwisha kutawanyika, niliirudia ile simu. Niliona vibaya kwamba mwanangu anasomewa Kurani na huku kuna watu watatu bado wamesimama mlangoni pake hawajaitikiwa. Ukutubi wako unasema salamu haina faida kisandukuni. Pengine kwa kutafuta ni kweli. Kwa kujibu si kweli.

Nikaanza na wa kwanza. "Wa aleikumu salaam. Mimi ni mama yake Fundi Arubaini. Mwanangu amefariki. Ukuta wako unapasuka kwa sababu umepaka nene na jua limeukausha upesi. Paka nyembamba, ufunike kwa magunia yenye maji siku saba." Wa pili nikamwandikia kwamba ule mchanga ni wa pwani na haukuoshwa, aukwangue wote, aoshe mchanga kwa maji matamu mara tatu, aanze upya. Yule wa kwanza alinijibu siku ileile, baada ya karibu miaka mitano! Anasema nyumba alishaiuza, lakini anamwombea rehema.

Kisha nikafika kwako. Ruba alikuwa ubavuni mwangu akimenya vitunguu, akaona nimeduwaa, akasoma juu ya bega langu. Akasema, "Mjibu, Mama. Salamu ni salamu." Basi nimekujibu. Kafungue ukasome, ingawa nakuandikia hapa pia, usije ukaogopa kufungua:

"Wa aleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, Shifaa. Athman hayuko. Ni mimi Shangazi. Njoo nyumbani."